Je, anayeandika JavaScript bado anahitaji kujua C?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro. Nimejifunza JavaScript kwa video za mtandaoni, na sasa mimi na mwenzangu tunatengeneza mfumo wa SACCOS ya akina mama wa sokoni: michango, mikopo, riba na kutoa fedha. Kaka mmoja mkongwe wa kazi hii kaniambia asiyejua C si programa, ni mtu wa kunakili tu. Nimeangalia, nikaona C ni lugha ya mwaka 1972, na siku hizi akili mnemba inaandika msimbo kwa sekunde chache. Je, nitumie muda wangu kwenye C, au nisonge mbele na lugha mpya? Na kama kuna mambo ya zamani ambayo bado lazima niyajue, ni yapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno la kaka yako, maana naona limekuuma. Hajakutendea haki. Wapo watu wengi waliojenga mifumo inayotegemewa kila siku bila kuandika hata mstari mmoja wa C. Lakini usimpuuze kabisa, kwa sababu anachokihisi kina ukweli ndani yake. Kila lugha mpya ilikuja kumtua programa mzigo fulani. Anayeingia kazini baada ya mzigo kutuliwa hajui kwamba uliwahi kuwepo, wala hajui nani anaubeba sasa kwa niaba yake. Na ipo mizigo ambayo hakuna lugha iliyowahi kuitua. Hiyo ndiyo inayoweza kuangusha mfumo wenu wa SACCOS, kuliko kutojua C.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 programa aliandika amri za mashine yenyewe: chukua namba iliyopo mahali fulani, jumlisha na hii, kisha ruka hadi amri ya ishirini. Kila aina ya mashine ilikuwa na amri zake, hivyo ukihamia mashine nyingine unaanza upya. John Backus na wenzake wa IBM walipoanza kutengeneza lugha ya FORTRAN, iliyotoka mwaka 1957 kwa ajili ya mashine ya IBM 704, wengi waliokuwa kwenye kazi hiyo hawakuamini. Waliona haiwezekani kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha ya programa kuwa amri za mashine, itoe amri za mashine zenye kasi sawa na zile za mtu mwenye uzoefu. Timu ya Backus ililijua hilo, ikaweka nguvu kubwa kwenye kasi, na ikawashinda wasioamini kwa matokeo. Tangu hapo mwanasayansi aliweza kuandika fomula yake karibu kama alivyoiandika kwenye karatasi.

Miaka michache baadaye ikaja COBOL, iliyoanza kupangwa mwaka 1959 na kuchota mengi kutoka kwenye lugha ya FLOW-MATIC ya Grace Hopper. Hii ilikuwa ya biashara: mishahara, bili, akaunti. Nakuomba uishike akilini, nitairudia tukifika kwenye riba za akina mama.

Sasa C. Dennis Ritchie aliitengeneza kwenye maabara ya Bell Labs, na mfumo endeshi wa Unix, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, ukaandikwa upya kwa C mwaka 1973. C ilimtua programa mzigo wa amri za kila mashine lakini ikamwachia kumbukumbu yote mkononi. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama masanduku ya posta yaliyopangwa ukutani, kila moja na namba yake. C inakupa namba ya sanduku, na hiyo ndiyo pointa. Ukitengewa masanduku 512 kwa ajili ya jina la mtu, kisha jina linalokuja lina herufi 536, C haitakuzuia. Itaendelea kuandika kwenye masanduku yanayofuata, na huko huenda ndiko programu ilikotunza kumbukumbu ya amri gani ifuate baada ya hii.

Huo si mfano wa darasani. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu iliyojisambaza yenyewe, na mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyohiyo. Huduma iitwayo finger ilikuwa inasoma maandishi kwa fanksheni ya C iitwayo gets, ambayo haiulizi nafasi iliyopo ni ya ukubwa gani. Nafasi ilikuwa baiti 512 (ndiyo yale masanduku 512), yeye akatuma zaidi, na zile za ziada zikawa amri zake mwenyewe. Inakadiriwa kompyuta 6,000 hivi ziliathirika, wakati ambapo intaneti nzima ilikuwa ndogo sana. Fanksheni ya gets iliendelea kuwemo kwenye kanuni rasmi za C hadi zilipofanyiwa marekebisho ya mwaka 2011. Na mwaka 2014 dunia ikasikia habari za Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, ambayo ni programu ya C inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno. Mtu alikuwa anaiambia seva, "nirudishie neno langu hili, lina baiti 64,000," huku neno lenyewe likiwa na baiti chache tu. Seva haikuhesabu. Ilirudisha neno hilo pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, na jirani huyo angeweza kuwa nywila ya mtu.

Wewe kwenye JavaScript huwezi kufanya kosa hilo, na hiyo ni faida kubwa ambayo hukuilipia. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko C. John McCarthy, alipokuwa akitengeneza lugha ya LISP mwishoni mwa miaka ya 1950, alibuni namna ya kompyuta kujifagilia kumbukumbu yenyewe: itafute vitu ambavyo programu haiwezi kuvifikia tena, ivitupe, na nafasi zake zitumike upya. Kwa miaka mingi watu waliona hilo ni anasa ya maabara kwa sababu lilikula kasi. Ilipofika mwaka 1995, Java kutoka Sun Microsystems ikalipeleka kwa umma, na mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape akaandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi.

Ila mfagizi huyo hatupi kitu ambacho bado umekishika. Nikuonyeshe jinsi hili linavyotokea kwenye seva ya Node, yaani seva inayoendesha JavaScript. Unaweka juu ya faili kitu kimoja cha kuhifadhi taarifa za kila mwanachama aliyeingia, ili usiiulize kanzidata (ghala la taarifa la mfumo) mara mbili. Unaongeza kila mtu anapoingia, huondoi mtu yeyote. Ukijaribu kwenye kompyuta yako na watu watatu, ni safi kabisa. Kwenye seva ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo kinakua siku baada ya siku, mpaka mfumo endeshi unaizima programu usiku na wewe asubuhi huoni kosa lolote kwenye msimbo. Kwa hiyo kumbukumbu ni mzigo uliopunguzwa, haujaisha. Unapaswa kujua angalau nini kinashikilia nini.

Upande wa lugha za kasi, jibu jipya ni Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Mei 2015. Haina mfagizi. Badala yake kompaila inadai kujua nani ni mwenye kitu, nani amekiazima na kwa muda gani, na usipoweza kulithibitishia hilo inakataa programu yako kabla haijaendeshwa. Microsoft walipoeleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya mapengo ya usalama waliyokuwa wanayaziba kila mwaka yalitokana na makosa ya kumbukumbu, hoja ya Rust ikapata uzito, na mwishoni mwa mwaka 2022 kiini cha Linux kikaanza kuikubali. Naiheshimu sana. Lakini SACCOS yenu haiihitaji.

Haya, tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo ninapokuhofia. Fungua kivinjari chako uandike 0.1 + 0.2 kwenye konsoli, sehemu yake ya kuandikia amri za JavaScript. Utapata 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika. Namba zote za kawaida za JavaScript zinatunzwa kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, na kanuni hiyo hutunza desimali kwa sifuri na moja. Kama ambavyo theluthi moja haiishi ukiiandika kwa desimali, sehemu moja ya kumi haiishi ukiiandika kwa sifuri na moja. Inakatwa mahali. Kipande kinachokatwa ni kidogo mno, ila ukikijumlisha mara nyingi kinaonekana. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wakafa. Mtambo ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo 0.1 ilikuwa imekatwa kwenye biti 24, yaani sifuri na moja 24 tu. Baada ya kuwashwa kwa saa 100 hivi mfululizo, saa yake ilikuwa imepotoka kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Scud katika muda huo inasafiri zaidi ya nusu kilomita. Ni 0.1 ileile uliyoiandika kwenye konsoli yako.

Ndiyo maana nilikuomba uikumbuke COBOL. Lugha hiyo ambayo vijana wanaicheka ilitunza fedha kwa tarakimu za desimali tangu mwanzo, kwa sababu walioiandaa walikuwa wanawafikiria wahasibu. JavaScript ilitengenezwa kwa ajili ya kurasa za mtandao, wala hakuna aliyefikiria vitabu vya mikopo. Lugha mpya inaweza kuwa imesahau jambo ambalo lugha ya zamani ililijua vizuri. Kwako wewe suluhisho ni rahisi: tunza fedha kama namba kamili, kwa senti, na fanya uamuzi wa kukata au kupandisha vipande vya senti kwenye riba mahali pamoja tu kwenye msimbo, ukiwa umekubaliana na viongozi wa SACCOS senti zinazobaki ziende wapi. Hilo la mwisho ni la wanachama kuamua kwenye kikao. Usiliamue peke yako.

Bado kwenye namba. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20. JavaScript inaweza kutunza namba kamili kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu, yaani tarakimu 16. Ukisoma namba ya NIDA kama namba, tarakimu za mwisho zitageuka sifuri kimyakimya, bila onyo lolote, na wanachama wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuishia na kitambulisho kimoja. Namba ya simu nayo ikisomwa kama namba inapoteza sifuri ya mbele. Zaidi ya hapo, ukiandika 0754 moja kwa moja ndani ya msimbo wa JavaScript wa mtindo wa zamani, utapata 492, kwa sababu sifuri ya mbele ilikuwa alama ya kuhesabu kwa misingi ya nane. JavaScript iliirithi desturi hiyo kutoka C, na C ilikuwa imeirithi kwa lugha ya B, mama yake. Kitu usichokijumlisha wala kukigawanya, kitunze kama maandishi.

Maandishi yenyewe yana mambo yake, nitayapitia haraka. Hakikisha kila kitu kinatumia UTF-8, mpangilio wa kutunza herufi uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Kwetu Kiswahili hakina herufi za alama nyingi, hivyo matatizo huchelewa kuonekana, mpaka aje mwanachama mwenye jina lenye ng' ndani yake. Simu moja itaandika alama iliyonyooka, nyingine itaandika iliyopinda, na ukimtafuta humpati. Na kama unaunganisha maandishi ili kuunda swali la kanzidata, alama hiyohiyo italivunja swali lako katikati. Leo amelivunja mama wa watu asiye na hatia. Kesho mwizi atalivunja kwa makusudi na kuongeza amri zake, kwa njia ambayo kimsingi haina tofauti na ya mwaka 1988: data imeachwa ikawa amri. Tumia maswali yenye nafasi za kujazwa ambazo kanzidata inakupa, kila mara, hata pale unapoona hakuna haja.

Nije kwenye jambo ambalo nikipewa nafasi ya kumfundisha kijana jambo moja tu, ningelichagua hili. Mama ana shilingi 100,000 kwenye akaunti yake. Anaomba kutoa 60,000 kwa simu, na wakati huohuo mwanaye, aliyepewa ruhusa, anaomba kutoa 60,000 dirishani. Msimbo wako unasoma salio, unaangalia kama linatosha, unatoa, kisha unaandika salio jipya. Ombi la kwanza limesoma 100,000. Kabla halijaandika, la pili nalo limesoma 100,000. Yote mawili yanaona salio linatosha. Yote mawili yanaandika 40,000. Zimetoka shilingi 120,000 na kitabu kinasema zimebaki 40,000.

Utaniambia JavaScript hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ni kweli, lakini kila unapoandika await unaiambia, "nenda kahudumie wengine, mimi nasubiri." Kati ya kusoma salio na kuandika salio kuna await, na hapo ndipo ombi la pili linapopenya. Ukijaribu peke yako hulioni kamwe. Hujitokeza siku ya gawio, watu wote wakiwa kwenye simu. Hakuna lugha itakayokuokoa hapa, iwe Rust au Java au Python, kwa sababu salio halimo ndani ya lugha, limo kwenye kanzidata. Na kanzidata ililifanyia kazi jambo hili zamani: Edgar Codd wa IBM aliandika msingi wa kanzidata za majedwali mwaka 1970, na Jim Gray na wenzake, katika muongo huohuo, wakaweka misingi ya muamala unaokamilika wote au kutofanyika kabisa. Kwa hiyo usisome kisha uandike. Iagize kanzidata ifanye yote kwa amri moja:

UPDATE akaunti SET salio = salio - 6000000 WHERE namba = 17 AND salio >= 6000000

(Ni senti, ndiyo maana sifuri zimeongezeka.) Kisha angalia mistari mingapi imebadilika. Ukipata mmoja, fedha imetoka. Ukipata sifuri, salio halikutosha, na unamjibu hivyo. Amri hii na ile inayoandika kumbukumbu ya malipo ziwe ndani ya muamala mmoja, ili umeme ukikatika katikati pasiwe na fedha iliyotoka bila maandishi.

Gharama ya kazi pia imefichwa na lugha za sasa. Mistari miwili mizuri inayomtafuta kila mwanachama ndani ya orodha ya malipo inaonekana kama kazi ndogo, lakini wanachama 50,000 mara malipo 50,000 ni ulinganisho unaoweza kufika 2,500,000,000. Ukiyapanga malipo kwanza kwenye Map (jedwali la JavaScript la kutafuta kitu kwa namba au jina lake) kwa namba ya mwanachama, kila utafutaji unakuwa karibu wa hatua moja. Jizoeze kuuliza: wakiongezeka mara kumi, kazi inaongezeka mara ngapi?

Umeuliza pia kuhusu akili mnemba. Itumie, sina ugomvi nayo. FORTRAN yenyewe ilipotoka, kazi yake iliitwa uandishi wa programu wa kiotomatiki. Lakini kuna tofauti moja ambayo naomba uielewe vizuri. Kompaila inafungwa na kanuni za lugha: msimbo uleule una maana ileile leo na kesho, na ikikosea, kosa hilo linaweza kuonyeshwa na kurekebishwa mahali pamoja. Akili mnemba haifungwi na ahadi ya namna hiyo. Iulize msimbo wa kutoa fedha mara mbili, unaweza kupata majibu mawili tofauti, moja lenye muamala na jingine linalosoma kisha kuandika kama nilivyokueleza. Yote mawili yatapita majaribio yako ya mtu mmoja. Mwenye kuyatofautisha ni wewe, na kwenye fedha za akina mama hao hakuna mwingine atakayeyatofautisha kwa niaba yako.

Sasa nikupe mpangilio. Usianze na C. Anza na kanzidata wiki hii, kabla mfumo haujaanza kutumika: miamala, maswali yenye nafasi za kujazwa, na jaribio linalotuma maombi mia moja ya kutoa fedha kwa mpigo kwenye akaunti moja, kisha mwangalie salio kama linalingana na vitabu. Halafu kagua kila mahali mnapotunza fedha, NIDA na namba za simu. Baada ya hapo hamia TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data. Microsoft waliitoa mwaka 2012, inafanana na unachokijua, na ukiiwasha kwa ukali wake wote itakulazimisha kushughulikia kila mahali ambapo kitu kinaweza kuwa hakipo. Tony Hoare, aliyeingiza null, yaani alama ya kitu kisichokuwepo, kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, mwenyewe alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni moja.

C iweke mwishoni, jioni, kwa wiki chache tu. Kama huna laptopu ya kutosha, simu ya Android yenye programu ya Termux inakupa kompaila ya clang bila malipo. Andika programu inayosoma jina la mtu kwenye nafasi ya herufi kumi, ilishe jina la herufi arobaini, uone kinachotokea. Kisha andika orodha inayokua yenyewe ukiongeza vitu, ile ambayo JavaScript inakupa bure kwa mabano mawili ya mraba. Ukimaliza hizo mbili unaweza kuiacha, na kaka yako ukimweleza kilichotokea kwenye lile jina la herufi arobaini, nadhani mtaelewana.

Kwa lile jaribio la maombi mia moja, niandikie unipe jina la kanzidata mnayotumia na toleo lake. Namna ya kufunga mstari wakati wa muamala inatofautiana kidogo kati ya MySQL na PostgreSQL, na kwenye SQLite kuna jambo la ziada la kuangalia.